Shule isiyo na tumbaku humlinda nani, na kwa namna gani?

KILA ifikapo Mei 31, dunia huadhimisha Siku ya Kutotumia Tumbaku. Hotuba husomwa, wanafunzi huandamana na mabango, na kesho yake sigara moja moja huuzwa kama kawaida kwenye kioski kilicho hatua chache kutoka geti la shule.

Umbali huo mfupi kati ya bango na kioski ndio kiini cha suala la shule zisizo na tumbaku. Ni suala linalozungumzwa mara moja kwa mwaka na kusahauliwa miezi mingine kumi na mmoja, ilhali ndani yake umo mwanzo wa takriban kila uraibu wa sigara unaoonekana kwa watu wazima.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu tisa kati ya kila kumi wanaovuta sigara walianza kabla ya kutimiza umri wa miaka 18, na baadhi yao walianza wakiwa na miaka 11 tu. Huo ni umri wa mtoto wa darasa la tano. Shirika hilo lilikadiria mwaka 2024 kwamba watoto wasiopungua milioni 37 wenye umri wa miaka 13 hadi 15 duniani walikuwa wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine.

Tumbaku huua zaidi ya watu milioni saba kila mwaka duniani. Wengi wao hufa wakiwa na miaka hamsini, sitini au sabini, kwa saratani, maradhi ya moyo, kiharusi na magonjwa sugu ya mapafu. Lakini uamuzi uliowafikisha hapo, kwa walio wengi, ulifanywa na mtu aliyekuwa bado amevaa sare ya shule.

Kwa upande wa Kenya, utafiti wa kimataifa wa matumizi ya tumbaku miongoni mwa vijana uliofanyika mwaka 2013 ulionyesha kuwa asilimia 9.9 ya wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 walikuwa wakitumia bidhaa za tumbaku. Kwa wavulana kiwango kilikuwa asilimia 12.8 na kwa wasichana asilimia 6.7. Katika darasa la wanafunzi hamsini, hao ni karibu watano.

Nini maana ya shule isiyo na tumbaku

Shule nyingi za Afrika Mashariki zina kanuni inayomkataza mwanafunzi kuvuta sigara. Kanuni hiyo ni ya zamani, na aghalabu huwekwa katika kundi moja na ulevi, utoro na ugomvi. Hata hivyo, kuwa na kanuni hiyo pekee hakuifanyi shule kuwa huru na tumbaku.

Shule isiyo na tumbaku ni ile ambayo mtu yeyote, awe mwanafunzi, mwalimu, mlinzi, mpishi, dereva, mzazi aliyekuja kulipa michango au fundi aliyekuja kupaka rangi, haruhusiwi kutumia bidhaa hiyo ndani ya eneo la shule, wakati wowote. Marufuku hiyo hugusa madarasa, mabweni, vyoo, ofisi ya walimu, uwanja wa michezo, nyumba zilizo ndani ya uzio na gari la shule. Haikomi kengele ya mwisho inapolia, wala haiondolewi siku ya mahafali.

Aidha, haihusu sigara peke yake. Ugoro, tumbaku ya kutafuna, kuberi, shisha, sigara za kielektroniki na vifuko vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo vyote vimo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mwalimu aliyezoea kumtambua mvutaji kwa harufu na vidole vilivyogeuka manjano hana namna rahisi ya kumtambua mtoto aliyebana kifuko kidogo cheupe kwenye ufizi wakati wa kipindi cha hesabu.

New Zealand ni miongoni mwa nchi zilizokwenda mapema katika njia hiyo. Tangu Januari 1, 2004, sheria ya nchi hiyo inataka majengo na viwanja vyote vya shule viwe bila moshi wa sigara saa 24 kwa siku, siku zote za mwaka, iwe shule imefunguliwa au imefungwa. Sheria haikuacha chumba maalumu cha walimu wavutao.

Mnamo Septemba 2023, WHO ilitoa mwongozo wake kwa shule za dunia nzima. Mwongozo huo unataka mambo manne: kupiga marufuku tumbaku na nikotini katika eneo la shule, kuzuia mauzo karibu na shule, kuzuia matangazo ya wazi na ya kificho karibu na shule, na kukataa ufadhili au ushirikiano wowote na kampuni za bidhaa hizo. La kwanza hukubaliwa na karibu kila mtu. Ugumu huanzia kwenye la pili.

Ubongo ambao haujakomaa

Faida ya kwanza ya mazingira hayo ni ya kiafya, nayo haisubiri uzeeni.

Ubongo wa binadamu huendelea kujijenga hadi karibu na umri wa miaka 25. Sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya mbele, inayohusika na kupanga, kujizuia na kupima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda. Nikotini inapoingia mwilini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na kuchochea njia zilezile zinazompa mtu hisia ya kuridhika. Ubongo wa kijana hujifunza haraka, na hiyo ndiyo sifa inayomwezesha kujifunza lugha na hesabu. Lakini kwa sifa hiyohiyo hujifunza uraibu haraka kuliko ubongo wa mtu mzima.

Dalili za kuzoea zaweza kujitokeza hata kabla kijana hajaanza kuvuta kila siku. Mwanafunzi anayevuta mara mbili au tatu kwa wiki hujiona kuwa anaweza kuacha atakapo, na kwa kweli wengi wao huamini hivyo hadi siku wanapojaribu.

Darasani athari yake huonekana kwa namna isiyofanana na ugonjwa. Mwenye uraibu hukaa saa kadhaa bila kupata nikotini, kisha huanza kuhangaika, hukosa utulivu, hukasirika upesi na hushindwa kufuatilia somo. Mwalimu huona utovu wa nidhamu. Wakati wa mapumziko mwanafunzi huyo hutoweka, hurudi akiwa ametulia, na baada ya vipindi viwili hali hujirudia. Huo si upungufu wa akili wala wa malezi; ni mwili unaodai dozi yake.

Kwa wasiovuta, moshi wa wengine una madhara yake. Una zaidi ya kemikali 7,000, na kadhaa miongoni mwazo husababisha saratani. Mwaka 2006, ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ilieleza kuwa hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama. Kwa watoto huchochea pumu, maambukizi ya njia ya hewa na maradhi ya sikio la kati. Mtoto mwenye pumu anayelazimika kutumia choo ambacho kaka zake wa kidato cha nne wamekigeuza kuwa kijiwe cha kuvutia hana uchaguzi mwingine.

Katika shule za bweni kuna hatari nyingine ambayo wazazi huifahamu vizuri. Agosti 2009, wasichana 12 walipoteza maisha bweni lilipoungua katika Shule ya Sekondari Idodi mkoani Iringa, katika moto uliodaiwa kuanzia kwenye mshumaa. Sigara haikutajwa katika tukio hilo. Lakini mwanafunzi anayevuta kwa kujificha huvuta usiku, chini ya shuka, juu ya godoro la sponji, na akisikia nyayo za mwalimu wa zamu jambo la kwanza analofanya ni kukificha kipisi kikiwa bado kinawaka.

Mwalimu kama mfano

Hakuna sehemu ya mjadala huu inayowakera watu kuliko ile inayomhusu mwalimu.

Hoja ya wanaotetea uhuru wake ni kwamba yeye ni mtu mzima, sigara ni bidhaa halali na kazi yake ni ngumu. Yote matatu ni kweli. Hata hivyo, shule si ofisi ya kawaida. Mwanafunzi humtazama mwalimu kwa saa nyingi kuliko anavyomtazama mzazi wake, na husoma matendo yake kwa makini zaidi kuliko maandishi yake ubaoni. Mwalimu wa baiolojia anayefundisha mchoro wa mapafu kisha akaonekana nyuma ya jengo la utawala akipuliza moshi, amefundisha masomo mawili kwa siku moja, na la pili ndilo litakalokumbukwa.

Utafiti uliofanywa katika shule 55 za sekondari nchini Wales, na kuchapishwa mwaka 2001, unatoa picha yenye kushtua. Katika shule zilizokuwa na sera ya maandishi iliyowahusu wanafunzi, walimu na watu wazima wengine, ambako mwanafunzi wala mwalimu hakuruhusiwa kuvuta mahali popote, wanafunzi wa miaka 15 na 16 waliovuta kila siku walikuwa asilimia 9.5. Katika shule zisizo na sera yoyote walikuwa asilimia 30.1. Shule za katikati, zenye sera nusunusu, zilikuwa na asilimia 21.

Takwimu hizo hazithibitishi kwamba sera peke yake ndiyo iliyoleta tofauti. Huenda shule yenye uongozi imara huandika sera nzuri na pia husimamia mambo mengine mengi vizuri. Lakini mwelekeo wake unaeleweka: pale ambapo sheria ilimhusu mwalimu sawasawa na mwanafunzi, wanafunzi wachache zaidi walivuta.

Kuna faida kwa mwalimu mwenyewe, ingawa husahaulika. Mahali pa kazi pasiporuhusu moshi humsaidia mvutaji kupunguza idadi ya sigara kwa siku, na wengine hupata hapo sababu waliyokuwa wakiitafuta ya kuacha kabisa. Mwalimu anayefanya hivyo mbele ya wanafunzi wake huwapa somo ambalo halimo katika mtaala wowote.

Karatasi haivunji uraibu

Pamoja na hayo, ni vyema kutotia chumvi. Mwaka 2014, mapitio ya Cochrane, mtandao wa wataalamu unaopima ushahidi wa tafiti za tiba, yalitafuta majaribio yaliyopima kwa vigezo vikali iwapo sera za shule huzuia vijana kuvuta. Yalipata jaribio moja tu lililofaa, la nchini China, na halikuonyesha tofauti katika kiwango cha uvutaji. Anayedai kuwa tangazo lililobandikwa getini linatosha kuokoa kizazi hana ushahidi.

Jibu la kitendawili hicho limo katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 na jarida la tiba la Uingereza, BMJ. Watafiti waliwahoji wanafunzi 17,287 wa sekondari. Walibaini kuwa marufuku ya shule ilihusiana na uvutaji mdogo pale tu iliposimamiwa kikamilifu, yaani pale wanafunzi wenyewe waliposema kwamba wenzao wengi au wote wanaitii. Ilipokuwa kanuni ya kwenye karatasi, haikuwa na maana. Utafiti huo uligundua pia kwamba marufuku ya kuvuta nyumbani ilikuwa na uhusiano wenye nguvu zaidi, jambo ambalo wazazi wanaoitupia shule mzigo wote wangefaa kulitafakari.

Vivyo hivyo kwa mafunzo ya darasani. Mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2013, yalikusanya tafiti 134 kutoka nchi 25 zilizowahusisha vijana zaidi ya 428,000. Mafunzo yaliyotoa taarifa za madhara tu hayakuonyesha kuzuia uvutaji. Yaliyofaulu ni yale yaliyochanganya stadi za maisha na mbinu za kukabiliana na ushawishi wa wenzao: namna ya kukataa bila kujitenga na kundi, namna ya kuamua, namna ya kukabili msongo. Kwa wastani yalipunguza idadi ya wanaoanza kuvuta kwa asilimia 12.

Hilo linaeleza kwa nini picha za mapafu meusi, ambazo shule nyingi huzitegemea, hazibadilishi mengi. Kijana wa miaka 14 hasumbuliwi na kiharusi atakachopata akiwa na miaka 60. Anachohofia ni kuchekwa leo. Mwalimu anayemwambia kuwa sigara inatoa harufu mbaya mdomoni, inamla pesa ya nauli na inamfanya ahemewe katika dakika ya sabini ya mpira, anazungumza lugha anayoielewa.

Ng'ambo ya barabara

Shule yaweza kusafisha eneo lake lote na bado ikashindwa na meza ya mbao iliyo ng'ambo ya barabara.

Biashara ya sigara moja moja ndiyo mlango mkuu wa mtoto. Pakiti nzima ina bei inayomshinda, na ina onyo la afya lililochapishwa juu yake. Sigara moja inalingana na pesa ya andazi, haina onyo lolote, na muuzaji humwashia kwa kiberiti chake. Genge hilohilo huuza pipi, kalamu na daftari, hivyo sigara hupangwa mahali macho ya mtoto yanapopita kila asubuhi.

Mwaka 2016, Muungano wa Afrika wa Kudhibiti Tumbaku ulitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika maeneo ya jirani na shule za Benin, Burkina Faso, Kamerun, Nigeria na Uganda. Uchunguzi huo ulikuta sigara zikiuzwa moja moja karibu na shule, nyingine zikiwa zimepangwa sambamba na peremende na vitafunio.

Sheria za kuzuia hali hiyo zipo, ingawa hazilingani. Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, unazitaka nchi wanachama kuzuia mauzo kwa watoto, kujitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja, na kupiga marufuku pipi na vichezeo vyenye umbo la sigara. Kenya iliuridhia mwaka 2004, Tanzania na Uganda mwaka 2007.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, shule zikiwemo, na kukataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Hairuhusu pakiti yenye sigara pungufu ya kumi. Uganda ilikwenda mbali zaidi kwa sheria yake ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016: umri wa chini ni miaka 21, haikubaliki kuvuta ndani ya mita 50 kutoka maeneo ya umma, na shisha, kuberi na sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku.

Nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ni ya mwaka 2003, yaani ilitungwa kabla nchi haijaridhia mkataba huo. Inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumpatia mtoto sigara. Wanaharakati wa afya wamekuwa wakidai kwa miaka mingi sheria mpya inayolingana na mkataba. Ni vigumu kupinga dai hilo, kwa kuwa mtoto anayetumwa na baba yake sigara dukani bado ni jambo la kawaida mno kiasi kwamba hakuna anayeligeukia kulitazama.

India inatoa mfano unaoweza kuigwa kwa gharama ndogo. Sheria yake ya 2003 inakataza kuuza tumbaku ndani ya yadi 100 kutoka taasisi yoyote ya elimu. Mwongozo wa shule uliohuishwa mwaka 2019 ulitaka umbali huo upimwe na mstari wa manjano uchorwe barabarani, ili muuzaji, mzazi na polisi waone kwa macho mpaka ulipo. Aidha, kila shule hutakiwa kuteua wasimamizi wa tumbaku miongoni mwa walimu na wanafunzi. Kwa nchi ambayo kesi za aina hii huishia katika ubishi wa "hapa ni mbali", ndoo moja ya rangi ina thamani kubwa.

Zawadi yenye masharti

Sharti la nne la mwongozo wa WHO, la kukataa ufadhili, ndilo gumu kuliko yote kwa shule maskini.

Shule isiyo na madawati haiulizi sana yametoka wapi. Darasa likijengwa na kampuni ya tumbaku, au miche ya miti ikigawiwa kwa jina lake, wazazi hushukuru, na ni haki yao kushukuru. Lakini jina lililopakwa rangi juu ya mlango wa darasa ni tangazo linalosomwa na watoto mia kadhaa kila siku kwa miaka ishirini. Mkataba wa WHO unaelekeza kuzuia ufadhili wa namna hiyo kwa sababu hiyohiyo, na pia kwa sababu aliyejengewa darasa huona haya kuikosoa bidhaa ya mjenzi.

Lawama hapa hazimfai mwalimu mkuu. Serikali isiyotaka shule zake zipokee fedha hizo inawajibika kutafuta za kuziba pengo, na hapo ndipo sera nyingi zinapokwama.

Pale tumbaku inapolipa ada

Katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge mkoani Tabora, katika Namtumbo mkoani Ruvuma, na katika kaunti ya Migori nchini Kenya, suala hili lina sura nyingine kabisa. Huko tumbaku ndiyo iliyonunua sare, daftari na kiatu. Kumwambia mtoto wa mkulima kuwa zao hilo ni adui kunahitaji busara.

Hata hivyo, hapo ndipo shule isiyo na tumbaku inapopata maana pana zaidi. Msimu wa kuchuma na kukausha majani huangukia ndani ya muhula wa masomo. Kazi ni nyingi kuliko mikono, na mtoto hubaki shambani au kwenye bani akisaidia kufunga majani na kuchochea moto. Majani yakiwa na umande au mvua, nikotini hupenya kwenye ngozi na kumletea kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Mtoto mwenye mwili mdogo huathirika upesi, na familia aghalabu hudhani ni malaria. Kwa hiyo anaweza kuwa na nikotini mwilini hata kama hajawahi kugusa sigara.

Mwalimu wa maeneo hayo anayefuatilia daftari la mahudhurio na kwenda nyumbani kuuliza, anafanya kazi ya kudhibiti tumbaku hata kama haiiti hivyo. Katika Migori, WHO, Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Mpango wa Chakula Duniani (WFP) walishirikiana na Serikali ya Kenya kuanzisha mwaka 2022 mradi wa kuwasaidia wakulima kuhamia kwenye maharage yenye madini mengi ya chuma, WFP likiwa miongoni mwa wanunuzi. Mkulima huacha zao moja anapokuwa na soko la jingine.

Baada ya kukamatwa

Limebaki swali la mwanafunzi anayekutwa na sigara. Desturi ya shule nyingi ni viboko, kisha barua ya kumwita mzazi, kisha kusimamishwa masomo kwa wiki mbili.

Kwa mwenye uraibu, adhabu hiyo ina kasoro ya wazi. Humwondoa mahali pekee ambapo hakuruhusiwa kuvuta na kumrudisha mtaani, ambako hakuna anayemzuia, kwa siku kumi na nne. Pia huwafundisha wenzake kujificha vizuri zaidi, na humfunga mdomo yule aliyekuwa karibu kumwendea mwalimu wa malezi kuomba msaada.

Shule zinazotaka matokeo hutenganisha makosa mawili. Anayeuza au kuwagawia wenzake huchukuliwa hatua kali. Anayetumia hupewa onyo, mzazi wake hushirikishwa, na hupangiwa vikao na mshauri au mhudumu wa afya wa zahanati ya karibu. Walimu wake huarifiwa kwa siri, kwa sababu siku za kwanza baada ya kuacha ndizo ngumu kuliko zote: mtu huwa mwenye hasira, hukosa usingizi na hushindwa kutulia, hali ambayo hufikia kilele ndani ya wiki ya kwanza na kupungua katika wiki mbili hadi nne. Mwalimu mwenye taarifa hiyo hatamtoa nje ya darasa kwa kugongagonga dawati.

Kwa shule inayoanza, hatua za mwanzo hazina gharama kubwa. Kamati ya shule au bodi huandika sera ya ukurasa mmoja inayowataja watu wote na bidhaa zote. Walimu huisoma na kuikubali kabla haijatangazwa kwa wanafunzi, kwani sera iliyowashtukiza walimu haidumu muhula mmoja. Vibao huwekwa getini, vyooni na katika ofisi ya walimu. Vibakuli vya kuzimia sigara huondolewa, kwa kuwa kibakuli ni ruhusa isiyo na maandishi. Viongozi wa mtaa huitwa, pamoja na wenye maduka na magenge ya jirani, nao huelezwa sheria inasema nini kuhusu mtoto aliyevaa sare.

Vipisi vilivyookotwa nyuma ya vyoo kila Ijumaa huhesabiwa na kuandikwa. Idadi hiyo, ikishuka au ikipanda, humweleza mkuu wa shule ukweli ambao hakuna mwanafunzi wala mwalimu atakayemwambia.